Picha Namba Sitini

Hospitalini walimwita Mama Sumaku, kwa kuwa kwa miaka kumi na miwili alikuwa akiendesha mashine kubwa ya sumaku inayopiga picha za ubongo. Mwaka huo daktari wa mishipa ya fahamu alikuwa akitafiti kama picha zaweza kuonyesha ugonjwa wa Pakinsoni mapema, mikono ikiwa bado haijaanza kutetemeka. Alihitaji wagonjwa thelathini, na wazima thelathini wa kulinganisha nao. Mzima mmoja akaingia mitini siku ya mwisho. Kaka yake Mama Sumaku, kinyozi, akajitolea kuziba pengo.

Alivua saa na mkanda huku akitania kwamba wakikuta kichwa kitupu wamwazime ubongo wa kurudi nao nyumbani. Mama Sumaku akacheka, akamziba masikio, akamwingiza kwenye tundu. Mashine ikaanza kugonga.

Dakika ya ishirini, mbele ya skrini, kicheko cha Mama Sumaku kilikuwa kimekauka. Ndani ya shina la ubongo, kila upande, mtu mzima huwa na alama ndogo nyeupe kati ya mistari miwili myeusi, mfano wa mkia wa mbayuwayu. Kwa wenye Pakinsoni alama hiyo hufifia. Kwa kaka yake, upande wa kulia ulikuwa mweusi tii. Labda amejitikisa, akajiambia. Akamwomba atulie, akapiga tena. Weusi ule ule.

"Imetoka vizuri?" kaka akauliza akifunga viatu.

"Kusoma picha si kazi yangu, kaka. Ni ya daktari."

Lilikuwa jibu la kweli. Picha zilisomwa kwa namba, bila jina, na mpiga picha hakuruhusiwa kufungua mdomo. Lakini daktari angezisoma baada ya wiki mbili, na upande wa kulia wa ubongo ndio unaoongoza mkono wa kushoto. Kaka yake alikuwa mashoto. Kila siku mkono huo ulipitisha wembe kwenye shingo za watu.

Kesho yake akapita dukani kwa kaka yake, akisingizia kusalimia. Kitini alikuwapo mwalimu mstaafu, kichwa nyuma, povu hadi masikioni. Mkono wa kaka haukutetemeka, ila ulikwenda pole mno. Chini ya sikio ukasita, ukaganda. Kaka akauhamisha wembe kwenda mkono wa kulia, kana kwamba ndiyo desturi yake, akamaliza kunyoa.

Mama Sumaku alirudi hospitalini moja kwa moja, akakiri kwa daktari kwamba mwenye picha namba sitini anamjua, na kwamba haiwezi kungoja. Daktari hakufurahi. Hata hivyo akaifungua, akaitazama. Alisema picha peke yake haimhukumu mtu. Lazima apimwe mwili. Kisha akasema, "Mlete."

Jioni, wateja walipokwisha dukani, Mama Sumaku alimweleza kaka kwamba daktari anataka kumwona. Kaka aliendelea kufuta wembe uliokwisha kukauka.

"Kwa hiyo mmeiona," akasema.

Akaeleza kwamba mwaka wa pili sasa hasikii harufu, hata ya spiriti. Usingizini humpiga mkewe mateke, na mkono umekuwa mzito. "Kuuliza kulinishinda, mdogo wangu. Nikaona bora picha iniulizie."

Mama Sumaku alitaka kumgombeza. Machozi yakamtangulia.

Siku iliyofuata daktari alimgongesha vidole, akamtembeza ukumbini, akathibitisha: ni Pakinsoni, lakini mwanzoni kabisa. Kuna dawa na mazoezi. Wembe auache, mashine ya kunyolea nywele aendelee nayo. Njiani kaka akaomba mkewe asiambiwe kwanza.

"Wifi utamwambia wewe, na utamwambia leo," Mama Sumaku akajibu.

Mama Sumaku alingoja kibarazani, nyumbani kwa kaka. Ndani kulisikika sauti ya kaka. Mwishowe wifi yake akatoka, macho mekundu, kalamu na karatasi mkononi, akaketi karibu naye.

"Haya," akasema, "hizo dawa anameza saa ngapi?"