Mia Tano ya Shukrani

Fundi alipofunga mlango wa friza na kusema imekufa, haina dawa, Sabdio alipiga hesabu kichwani. Lita sitini za maziwa ya ngamia zikikaa mpaka jioni bila baridi ni za kumwaga, na wateja wake wa mtaa wa Bulla Pesa wangemhama kabla ya Ijumaa. Friza mpya ni elfu sabini. Kikomo cha kadi yake ya mkopo hakikuvuka elfu arobaini. Akajitanda mtandio, akaenda benki kuomba huruma.

Kadi hiyo aliichukua shingo upande, miezi minane iliyopita, baada ya kuapiwa mara tatu kwamba akilipa deni lote kabla ya tarehe tano hakuna riba hata ya shilingi. Basi akawa anaitumia kwa petroli ya gari linaloleta maziwa kutoka Kinna. Maziwa yakiuzwa, analipa. Hakukosa hata mwezi mmoja.

Lokaale, kijana wa benki, akamchapishia taarifa yake. Chini kabisa palikuwa na alama ya kutoa, kisha elfu nne. Moyo wa Sabdio ukapiga paa.

"Nadaiwa? Wallahi nimelipa yote!"

"Hapana, mama. Hiyo ni pesa yako. Benki ndio iko na deni yako."

"Benki ikope kwangu? Mimi wa maziwa?"

"Kila mwezi umelipa mia tano juu ya deni. Kwa nini?"

Sabdio akamtazama, akashangaa alilelewa wapi huyu. "Sasa mtu akupatie ng'ombe ukamue, halafu unarudi kwake mikono mitupu? Hiyo ni shukrani."

Lokaale akacheka mpaka akavua miwani. "Mama, usiongeze tena. Benki inataka tu ulipe kwa wakati. Na kadi yako si arobaini sasa, ni themanini. Tulikutumia meseji wiki mbili imepita."

Meseji aliikumbuka sana. Alisoma "Hongera", akajua ni wale matapeli wa simu, akaifuta huku akiwalaani.

"Nani alinidhamini?"

"Hakuna mtu. Ni vile umekuwa ukilipa."

Hakuelewa. Tangu ajue pesa, mkopo ulikuwa na mwenyewe: unaenda kwake, unakunywa chai, unangoja, unaaibika. Kiangazi kilichopita alimwomba kaka yake elfu kumi, akanyimwa mbele ya watoto. Njiani kwenda dukani kununua friza alihesabu tena na tena: mauzo ya wiki tatu yangemaliza deni la friza kabla ya tarehe tano. Hesabu ilikubali, yeye bado hakukubali.

Saa saba mchana friza mpya ilikuwa inanguruma, maziwa yako ndani. Sabdio alikaa juu ya debe, machozi yakimtoka wala asijue ni ya nini. Miaka hamsini na miwili ameishi na watu, na wa kwanza kumwamini hakuwa hata mtu.