Dawa Zinazooneana Haya

Usiku wa jana niliota dawa za mume wangu zimekaa sebuleni kwetu Lushoto, zimepeana migongo.

Kidonge kilikuwa kwenye kochi, kimejifunika kanga mpaka machoni. Ni kile cha kuzuia damu ya mzee isigande, anachomeza tangu mguu wake ulipovimba mwaka juzi. Jeli ilikaa kwenye kigoda, inatazama ukuta. Hiyo ni ya homoni ya kiume. Mwili wa mzee umeacha kuitengeneza ya kutosha, akawa mtu wa kulala na kununa, ndipo daktari mmoja wa Tanga akamwandikia jeli ajipake mabegani kila asubuhi.

Nikazikaribisha chai. Hakuna iliyopokea.

"Mbona hamsalimiani?" nikauliza.

"Sisi ni wakwe," kikasema kidonge. "Tumewekwa mwili mmoja na hakuna aliyetutambulisha. Nitamtazamaje usoni?"

Nikaelewa, maana na kwetu ndivyo ilivyo. Vidonge hivyo mzee anapewa na Namsifu, mke wa mwanetu Kijazi. Namsifu ni tabibu wa zahanati yetu na ndiye anayempima damu. Habari ya jeli Baba Kijazi hajamwambia. Nimemsihi mpaka nimechoka. Hunijibu kwamba mwanamume hawezi kumwambia mkwe wake kuwa uanaume siku hizi anaupaka. Na yule daktari wa Tanga hakuambiwa habari ya vidonge, kwa kuwa mzee aliona akianza kutaja maradhi yote atanyimwa jeli.

Kidonge kikashusha kanga kidogo. "Kitendawili."

Mimi kitendawili sikiachi hata nikiwa usingizini. "Tega."

"Wageni wawili nyumba moja, hawajaamkiana, nyumba inavuja."

"Viatu," nikasema.

"Sivyo. Nipe mji."

Nikakipa Korogwe. Mara tuko Korogwe, na watu wanaufungasha. Mama mmoja anakunja soko kama mkeka, analitia kapuni. Ananiuliza kwa upole kama na stesheni nimeitoa. Namwambia nadhani imo.

Najaribu tena, nasema macho. Sivyo. Natoa Tanga. Tunasimama Tanga, na daktari wa mzee anatoka ofisini na meza yake kichwani.

"Shikamoo, babu," ananiamkia.

"Marahaba," najibu, na sauti ni nzito. Nashika kidevu. Ndevu zimefika kifuani, nyeupe, zimechanwa vizuri. Jeli inanieleza bila kugeuka kwamba kwenye boksi imeandikwa mtu mwingine asiguse bega kabla halijakauka na kufunikwa shati, na mimi jana nililiegemea. Naiambia sawa.

"Umebakiwa na Lushoto," kikasema kidonge.

Hapo nikaogopa. Mzee yuko Lushoto, amelala, na mji ukitolewa unaenda na waliomo. Nawaona watu wanaviringisha milima. Wengine wamebeba kitanda cha mzee wangu na yeye juu yake, anawauliza kama huko waendako kuna chai.

"Ngoja," nikasema. "Hao wageni ni nyinyi. Nyumba ni mume wangu, na kinachovuja ni damu."

Waliobeba kitanda wakakiweka chini.

"Kama huyu ameniongezea nguvu nikazidi, mzee aniache mimi," kikasema kidonge kwa unyonge.

"Hakuna wa kuachwa kwa kukisia," ikasema jeli, na safari hii ikageuka. "Mimi na wewe tunaweza kukaa vizuri tu. Lakini anayepima damu lazima ajue tuko wawili. Bibi, nani atamwambia?"

Nikaamka. Mzee alikuwa uani anapiga mswaki. Nikatoka na kanga yangu kiunoni. Povu alilotema kwenye majani lilikuwa jekundu.

"Fizi tu," akasema kabla sijauliza. "Zinatoka damu tangu juzi."

Sikubishana naye. Nikachukua simu nikampigia Namsifu. Mzee alipotambua nani anapigiwa, akaingia bafuni akajifungia.

"Mwanangu," nikasema, "leo nataka kusema na tabibu. Mkwe wangu mwambie asubiri nje kidogo."

Namsifu akacheka. Nilipoendelea akaacha kucheka. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema baba aje sasa hivi apimwe damu, asimeze wala asipake chochote kabla hajamwona, na dawa zote mbili aje nazo mkononi. Akauliza jeli anapaka kiasi gani. Nikamwambia hilo silijui.

Mlango wa bafu ukafunguka upana wa kidole.

"Mwambie," ikasema sauti ya mume wangu, "mibonyezo miwili. Kila bega mmoja."