Mfanyakazi Mmoja wa Ghala

Kiti cha chumba cha nje kililia tena, mfasiri akajua mgeni amechoka kungoja. Mgeni alikuwa msimamizi wa ghala la dawa. Wenye kampuni, walioko ng'ambo, walikuwa wamepata fununu ya barua isiyo na jina iliyomshtaki kwa kubandika tarehe mpya kwenye dawa zilizokwisha muda, wakaagiza itafsiriwe kwa Kiingereza na kugongwa muhuri. Na aliyetumwa kuileta, makubwa haya, ni mshtakiwa mwenyewe.

Barua ilisema mfanyakazi mmoja wa ghala aliona, akaogopa kujitaja. Kiswahili kilikuwa kimemsitiri, kwa maana aliyeona angeweza kuwa mtu yeyote. Kiingereza hakina huruma hiyo, kinataka uchague "he" wa kiume au "she" wa kike. Na ghala zima lilikuwa na wanaume kumi na mmoja na mwanamke mmoja tu. Mfasiri alikuwa ameandika "they", yaani "wao", kama Waingereza wenyewe wafanyavyo mtu asipojulikana, kisha akaipeleka karatasi kwa Mzee Nukta, mwenye ofisi, ambaye hakuna karatasi iliyotoka bila kupita chini ya kalamu yake nyekundu.

"They?" Mzee Nukta alikunja uso. "Huyu mfanyakazi ni mmoja au kijiji kizima?"

"Ni mmoja, Mzee. Siku hizi inakubalika."

"Kwa nani? Mimi nilichapwa viboko shuleni kwa kosa hilihili. Weka 'he', yaishe."

"Tukiweka 'he' tutakuwa tumesema uongo."

Neno likawa limeshatoka. Mzee Nukta akaiweka kalamu chini polepole.

"Kumbe ni mwanamke. Mbona barua haisemi? Wewe umejuaje?"

Mfasiri angeweza kubuni kitu, lakini mzee huyu alikuwa amemfundisha kazi kwa miaka tisa na alimjua nje ndani.

"Ni mdogo wangu, Mzee," alinong'ona. "Tumbo moja. Yule bwana hapo nje ameapa kwamba akimjua aliyeona, atamzika."

Mzee Nukta aliivuta fomu iliyoambatanishwa na barua. Ilikuwa na sahihi ya mfasiri, akiapa kwamba hana udugu na yeyote anayehusika.

"Umekula kiapo asubuhi hii, binti."

"Najua."

"Na unajua mwisho wake."

"Naujua, Mzee. Lakini usimfichue."

Mzee aliichana tafsiri vipande vipande, akaivuta barua, akaanza kuifasiri mwenyewe tangu neno la kwanza. Alipofika kwa yule mfanyakazi, kalamu ilisita. Mzee akaandika "they", akasonya, akatia sahihi yake na kugonga muhuri.

"Muhuri wako uache mezani," alisema bila kumtazama. "Kesho usije."

Mfasiri aliuweka muhuri, akachukua mkoba, akatoka.

Msimamizi aliinuka akitabasamu, akamzibia njia.

"Dada, wewe ndiwe mfasiri, eti? Nisaidie kitu kidogo tu. Huyu mtu wa kwenye barua, kwa Kiingereza mmemwandika mwanamke, au sio?"

Mfasiri alimtazama usoni bila kupepesa.

"Samahani, kaka," alisema. "Mimi sifanyi kazi hapa."