Doa Jipya

"Usisogeze miguu," ilisema sauti ya mpiga picha wa hospitali kutoka kwenye spika, na papo hapo mguu wa kulia ukaruka wenyewe. Mashine iliyokuwa ikimgongea kichwani kama fundi bati ikanyamaza. "Mama, nimesema nini? Ukitikisika picha inaharibika, na nyuma yako kuna watu."

Mpiga pasi aliomba radhi. Alikuwa amelala chali ndani ya tundu jeupe, kichwa kimebanwa, akimwomba Mungu kimoyomoyo ampe doa. Moja tu lingetosha.

Ombi lenyewe lilimtia aibu. Miaka yote kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, kazi yake ilikuwa kuyasaka madoa: shuka lenye doa lilirudishwa kwenye maji, na matusi ya msimamizi yakalifuata. Sasa madoa yalikuwa yake, ndani ya ubongo. Daktari alimweleza kwa lugha aliyoielewa. Mwili umejigeukia wenyewe, unakula ganda la mishipa ya fahamu, kama waya wa pasi uliochunika. Leo umeme unapita, kesho haupiti. Kila palipochunika, picha huonyesha doa jeupe. Dawa ya kuponya hakuna, ila ipo ya kuzuia madoa mapya.

Alikuwa amechomwa sindano za dawa hiyo mwaka mzima. Jicho la kushoto lilitulia, mguu ukaanza kumtii, akarudi kwenye meza yake ya pasi. Mdogo wake, msusi wa nywele, alimtania kwamba anatembea kwa maringo ya bibi harusi anayechelewesha watu makusudi. Lakini kwenye benchi la wagonjwa walikuwa wameshamtonya: picha ikitoka safi, dawa basi.

"Hongera," alisema mwenyekiti wa kamati ya hospitali inayoamua nani apewe dawa, akigeuza kompyuta ili mpiga pasi na mdogo wake waone. Picha ya zamani kushoto, mpya kulia. "Hakuna doa jipya. Ugonjwa umelala."

"Umelazwa na dawa, mheshimiwa."

"Picha haisemi nani kaulaza. Mwongozo wetu unasema dawa ni ya ugonjwa unaoendelea. Wako hauendelei."

"Na ukiamka?"

"Tutauona kwenye picha ya mwakani. Ndiyo maana tunakufuatilia."

"Kwa hiyo tungoje aungue ndipo mlete maji?" aliuliza msusi.

Mwenyekiti alimtazama kwa mara ya kwanza. "Wewe ni nani wake?"

"Mdogo wake."

"Basi mshukuru Mungu, dada yako ni mzima."

Ugonjwa haukuwa na habari ya mwakani. Joto la pasi lilipopanda, jicho liliingia ukungu, na siku moja mkono ukasahau kuinua pasi kutoka kwenye shati la mgeni. Msimamizi alilinyanyua shati mbele ya wafanyakazi wote ili waione alama ya pasi mgongoni, kahawia, imekamilika pande zote. Akamwambia akapumzike nyumbani. Nafasi yake ilijazwa kabla hajavua aproni. Kisha magoti yakalegea, halafu nyayo zikafa ganzi, na msusi akafunga kibanda chake ili awepo wa kumwinua dada yake kwenda chooni. Wateja wake walihamia kwa mwingine. Hakulalamika, ila utani ulimwishia.

Picha ya mwaka uliofuata ilikuwa na madoa mapya, tena mengi, meupe pe. Mpiga pasi alifurahi. Ni aibu kusema, lakini alifurahi kama mtu aliyefaulu mtihani.

"Mheshimiwa, umeyaona?" alisema. "Sasa yapo."

"Yapo kweli," alikubali mwenyekiti. "Haya, simama utembee mpaka mlangoni."

Alishika kingo za kiti cha magurudumu. Akajisukuma, mwili haukuinuka. Msusi aliinama amsaidie.

"Mwache. Lazima asimame peke yake."

Walimngoja, na hakusimama.

"Hapo ndipo penye shida," alisema mwenyekiti, bila ukali wowote. "Mwongozo unasema dawa ni ya mgonjwa anayeweza kutembea. Akishafika hapa, haimsaidii."

"Mwaka jana nilikuwa natembea."

"Mwaka jana hukuwa na doa jipya."

Mwenyekiti alifunga kompyuta, akalainisha sauti. "Lakini hatukutupi, mama. Picha utaendelea kupigwa. Wanafunzi wetu wanajifunza sana kwako: kabla ya dawa, ukiwa kwenye dawa, baada ya dawa. Ni nadra kupata picha zinazofuatana vizuri hivi. Leo wanaomba moja zaidi, ya uti wa mgongo."

"Twende nyumbani, dada," alisema msusi.

Mpiga pasi alifikiri kidogo. "Tungoje," alisema. "Labda hiyo itaonyesha kitu."

Wahudumu wawili walimnyanyua, wakamlaza, wakainyoosha miguu yake mmoja baada ya mwingine na kuilinganisha. Msusi alibaki upande wa pili wa kioo, amekumbatia viatu vya dada yake. Mashine iligonga kwa muda mrefu, kisha ikanyamaza.

"Safi sana, mama," ilisema sauti kwenye spika. "Leo hukusogeza miguu hata kidogo."