Mishororo Minne Mlangoni kwa Senah

Mwalimu Mazuin hakuamini kwamba ushairi hushuka kutoka mbinguni. Kwa uzoefu wake, ushairi huokotwa. Kila Jumatano, katika chekechea ya Parit Melati kando ya mto Muar, alifungua kitabu cha picha, akakiinua ili watoto wote waone, kisha akauliza maswali mawili: jicho linaona nini, na moyo unataka nini? Jibu la kwanza likawa mishororo miwili ya mwanzo. La pili, mishororo miwili ya mwisho. Vina vikapishana, na hapo pantun, shairi la kwao la mishororo minne, ikawa imetimia. Siku ya picha ya bata mwenye kofia kubwa, watoto walimpa hii:

*Bata kavaa kofia,*
*yaingia hadi shingo;*
*mwalimu ukisinzia,*
*tutatamba kwa maringo.*

Hakubadilisha hata neno. Mizani ilikuwa nane kila mshororo, na maana ilikuwa wazi kupita kiasi.

"Pantun za bata," mjomba wake Mahat alizoea kusema. "Zitupe mtoni, zitaelea zenyewe." Mahat ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo. Kwa miaka mingi hakuna bwana harusi wa nyumba yao aliyepita mlango wa wakwe bila Mahat kutangulia na kujibizana kwa pantun na upande wa bibi harusi. Lakini wiki ya harusi ya Hafizan, mdogo wake Mazuin, mafua yalimnyang'anya Mahat sauti, akabaki anafoka mvuke kama birika.

"Pumzika, kaka," mama yake Mazuin, Kalsom, akamwambia. "Mazuin atasema."

Mahat alikataa kwa mikono yote miwili. Alipoona haeleweki, akapigapiga viwiko kama mabawa na kutembea chumba kizima akitikisa matako.

"Hata bata huvuka mto," Kalsom akasema. Shauri likaisha.

Haukuwa mlango wa kubahatisha. Bibi harusi, Nuraini, alilelewa na shangazi yake Senah, na ng'ambo nzima ya mto ilimjua Senah. Kwao kulikuwa na desturi ambayo wengine walishaiacha: pantun ya wageni ikikataliwa mara mbili, msafara mzima hurudi hadi barabarani, matari yakiwa kimya, na kuanza upya. Kijana mmoja wa Tangkak aliwahi kurudishwa hivyo. Sasa ana wajukuu, na bado anaitwa Bwana Harusi wa Barabarani. Mazuin alilijua jina hilo. Alijua pia kwamba Hafizan, aliyekuwa akiendesha lori la samaki kwenda Kuala Lumpur na kulala nyumbani kwa nadra, alikuwa tayari amebandikwa majina ya kutosha.

Akajitayarisha kama anavyotayarisha somo. Alipitia rafu ya vitabu ya chekechea na kuchagua picha bora, akazitungia mishororo na kuikariri: dubu, mbweha, misonobari, moshi wa bomba la paa. Kila ubeti aliuhesabu kwa vidole. Yote yalikuwa sawasawa.

Walifika kwa Senah jua likiwa utosini. Matari yalinyamaza chini ya ngazi. Mlangoni, Senah na jirani yake walikuwa wameshika shela la manjano kuuziba mlango, kila mmoja ncha yake, na nyuma yao wanawake walijaa hadi jikoni. Senah alikuwa mwembamba, mweupe wa nywele, na hakuwa na haraka.

*"Kuku wangu wa uani*
*ataga yai mchana;*
*mwatafuta kitu gani,*
*mlangoni mwabanana?"*

Mazuin akapanda kipandio kimoja, sauti yake ileile ya darasani:

*"Dubu yuko thelujini,*
*anakunywa chai moto;*
*tuko hapa mlangoni,*
*kijana ataka joto."*

Vijana wa matari walipiga mbinja. Hafizan akainamisha kichwa, masikio mekundu. Hata jirani aliyeshika ncha ya pili alicheka, shela likatikisika. Senah peke yake hakucheka.

"Mwalimu," akasema, "hiyo theluji umeiona wapi?"

"Kitabuni, mama."

"Mimi nimeiona kwenye friji. Na huyo dubu, ni wa kwenu Parit Melati?"

"Hapana, mama."

"Hapa kwangu, mishororo miwili ya mwanzo ni ya kitu ambacho kila aliyesimama mlangoni anaweza kukinyooshea kidole. Nikikubali cha kitabuni, na ahadi itakuwa ya kitabuni." Akainua kidole. "Moja imekataliwa."

"Lakini vina vyake vizuri, Mama Senah!" mtu akapaza sauti kutoka jikoni.

"Vina ni vizuri. Vikae huko kwenye theluji."

Mazuin aliipitia akiba yake kichwani. Mbweha: hakuna. Misonobari: hakuna. Bomba la moshi: hakuna nyumba yenye bomba la moshi tangu hapo hadi baharini. Hoja ya Senah ilikuwa sahihi, na jambo hilo halikumsaidia hata kidogo. Nyuma yake alisikia Mahat akifoka mvuke, na mama yake akinong'ona, "Mwanangu, sema chochote, watu wanapima barabara kwa macho."

Alijiuliza swali ambalo hakuwahi kujiuliza darasani: kwa nini dubu yule alichekesha? Si kwa sababu ya theluji. Alichekesha kwa sababu chai ya moto haikuwa mahali pake. Watoto hawakupenda wanyama wa mbali. Walipenda kitu kilichojiweka pasipokuwa pake na kutulia kama mwenye nyumba. Basi ilikuwa kazi ya kutazama tu. Akatazama. Chini ya ngazi palikuwa na viatu vya wageni, vimemwagika kama kawaida, na katikati yake kiatu kimoja kipya cha rangi ya dhahabu, kimejaa manyoya.

*"Paka ndani ya kiatu*
*kajikunja, katulia;*
*huyu naye, ndugu yetu,*
*ataka pa kuingia."*

Vidole vyote vilinyooka. Mtoto wa paka alifumbua jicho moja, akalifumba.

"Yarabi, kiatu cha Mama Senah!" jirani akapiga ukelele. "Kile cha Melaka!"

"Nimekiona," Senah akasema. Safari hii pembe ya mdomo wake ilisogea. Lakini alipojibu, alimtazama Hafizan, si Mazuin, na sauti yake ilishuka.

*"Kiatu hicho ni changu,*
*paka hulala, huhama;*
*huyo kwa huyu mwanangu,*
*je, atakaa daima?"*

Huo haukuwa mchezo tena, ingawa ulikuwa na vina. Kila mtu pale alijua lori la samaki linaondoka saa ngapi na maneno gani husemwa juu ya madereva. Hafizan aliinua uso. Hakuwa na ruhusa ya kusema; bwana harusi hajisemei mlangoni kwa wakwe. Alimtazama dada yake tu.

Mazuin alimfahamu kijana huyu. Tangu baba yao afariki, kila aliporudi kutoka safari alipitia kwanza kwa mama, hata kama ni kwa dakika za kunywa maji, kisha ndipo akaenda kulala. Huo ulikuwa ukweli, tena ulioweza kuthibitishwa. Ulihitaji tu kitu cha kunyooshea kidole. Pembeni mwa ngazi ulisimama mtungi wa kunawia miguu, na mgeni wa mwisho alikuwa ameirudisha kata ya kuchotea maji ndani yake bila kufikiri, kama afanyavyo kila mtu.

*"Kata huenda, hurudi,*
*mtungini ndiko kwake;*
*safari hata zizidi,*
*atarejea kwa mke."*

Senah aliitazama kata. Akaitazama kwa muda uliomfanya jirani yake abadilishe mkono.

"Hiyo kata," akasema hatimaye, "wameiazima mara ngapi, na haijapotea." Kisha akaachia ncha yake ya shela.

Matari yalilipuka. Wanawake wa jikoni walipiga makofi, na mmoja alikuwa tayari ameanza kumfundisha mwenzake ubeti wa paka, akikosea mshororo wa tatu. Kalsom alimgeukia mwanamume asiyemjua kabisa, akamshika mkono wa shati. "Yule nimemzaa mimi," akamwambia. "Wa kwanza. Mwalimu."

"Nimesikia, mama."

"Umesikia, lakini nakwambia."

Kwa desturi, msemaji ndiye anayetangulia kuvuka kizingiti, na ana mkeka wake karibu na kadhi, mbele ya wajomba. Mazuin alivuka kwa mguu wa kulia. Ndani, wajomba walioingia nyuma yake walikuwa wameshaanza kusogeleana ili kumpa Mahat nafasi yake ya siku zote. Mahat alisimama mbele ya mkeka ule, akauangalia, akapiga hatua moja pembeni. Kwa sauti ambayo haikuwepo, akatamka neno moja lililosomeka vizuri midomoni: kaa.

Senah alikuwa amekuja nyuma yao. "Mwezi wa Shawali namwoza mjukuu wangu," akamwambia Mazuin. "Nitakutumia mtu, uje utusemee. Na ukija, vitabu uviache kwako."

"Nitakuja navyo, mama," Mazuin akasema. "Ila sitavifungua."

Senah akacheka kwa sauti, mara ya kwanza siku ile. Mazuin akakunja magoti, akatandaza sketi yake vizuri, akakaa katikati ya mkeka bila kumwomba mtu radhi.