Viti vya Baba Dercio

Umewahi kumwona mfanyabiashara anayetabasamu kila mali yake inapotoka bure? Mimi niliolewa naye.

Mume wangu Custodio aliuza korosho za msimu mzima, akanunua viti vyeupe vya plastiki na turubai moja la buluu, akodishe kwenye shughuli hapa Msimbati. Nikamwambia, "Baba Dercio, bati la jikoni linavuja." Akanijibu, "Viti vitaleta bati." Basi nikachukua rangi nyekundu, nikatia doa chini ya kila kiti, visije vikachanganyika na vya watu.

Bati halikuja. Vikienda msibani, nani atamdai mfiwa? Vikienda kwenye ngoma ya kumtoa mwali, mwenye ngoma ni shemeji, au jirani aliyetupa mbegu ya mihogo. Malipo yakawa ungo wa ming'oko, ile mizizi ya porini tunayochemsha, au fungu la dagaa. Viti vilirudi na mchanga, kimoja mguu umepasuka. Custodio akakishona kwa waya, huku anapiga mluzi. Mimi nikakinga sufuria chini ya tone.

Mvua za Desemba zilipokaribia nikasema sasa basi, hii ni hasara tupu. Gideoni, anayekodisha viti kule Mtawanya, akakubali kununua vyote pamoja na turubai. Custodio hakubisha. Alisema tu, "Sawa, Mama Dercio," na mluzi sikuusikia tena.

Gideoni akafika Jumamosi na kirikuu, kigari chake cha mizigo. Viti havipo! Jirani yetu Asia alikuwa anamtoa binti yake unyagoni, na Custodio alikwisha kumpelekea vyote na turubai tangu alfajiri. Niliona haya, nikamwambia mgeni, "Twende huko huko ukavione."

Tukakuta ngoma imepamba moto, mwali kavaa kanga mpya na miwani ya jua, mwavuli juu yake. Gideoni akakiendea kiti cha kwanza. Amekikalia Bibi Saida, mtu wa mwili wake, sahani ya pilau mapajani.

"Samahani bibi, naomba uinuke nikague kiti."

"Kagua, mwanangu. Ila kinauzwa na mimi juu yake."

"Mimi nanunua viti tu, bibi."

"Basi biashara huijui! Kiti bila mtu cha nini? Nipakie kwenye hicho kirikuu, nikale kwako mpaka Krismasi."

Vigelegele! Gideoni akahamia kiti cha pili, aliyekikalia akadai posa kwanza. Wa tatu akampa mtoto amshikie. Mwisho naye akaletewa sahani, na kwa kuwa pa kukaa hakuna, alikula amesimama, anacheka mpaka wali unamtoka.

Ndipo akaingia Custodio na ndoo ya maji. Hata hajaitua, watu wakainuka huku na huku. "Mzee Custodio, kaa hapa!" "Aa, huku kuna kivuli, mzee!" Akakaa kwenye kile chenye mguu wa waya, katikati kabisa, mgongo umenyooka kama bwana harusi. Akaanza kupiga mluzi.

Nikamvuta Gideoni pembeni. "Chukua turubai, nami nipate bati langu. Viti viache."

"Na jua je, mama?"

"Watajifunika kanga."

Kumbe Custodio anasikia. "Mama Dercio, si ulisema hasara?"

"Hasara ni hasara, neno langu sijalifuta. Lakini tangu siku ulipovileta unanijibu bati, na hilo si jibu. Ulivitaka vya nini?"

Akaangalia mchanga, akaangalia watu waliomzunguka.

"Tulipovuka Ruvuma kutoka Msumbiji na mama yangu nilikuwa mdogo," akasema. "Kila shughuli tulisimama nyuma, kwa kuwa hapakuwa na aliyetujua. Nilitaka siku moja nifike mahali, mtu aseme, 'Mpisheni Custodio akae.'"