Bodi Haishuki

Kutoka pale chini, bodi ya ardhi ilikuwa viatu tu. Viatu vyeusi vya mwenyekiti, vimeng'arishwa hadi vikaumiza macho. Gambuti za wazee waliotoka kukamua ng'ombe. Na nyuma yao viatu vya kahawia vya baba mdogo Kahiga, vipya, vilivyonunuliwa kwa ajili ya siku ile. Vilipita kwenye ukingo wa baraza ya juu, vikaingia ndani, mlango ukafungwa. Dada yangu Warigia alibaki ameinua uso, mikongojo yake imezama kwenye kokoto.

"Wameingia," akasema. "Sasa mimi naingilia wapi?"

Polio ilimlemaza miguu akiwa mtoto. Penye tambarare alinishinda mwendo, na mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko ya wanaume wengi wa kijiji chetu. Lakini ngazi za jengo lile zilikuwa nje, nyembamba, hazina pa kushika, na kila asubuhi zilisuguliwa kwa nta nyekundu hadi watu wenye miguu mizima wakazipanda kama ndama anayejifunza kusimama.

Mji wenyewe uko kati ya Nyeri na Naro Moru. Jina lake naliacha, maana waliojenga bado wako hai na bado wanajisifu. Tulikuwa tumepata uhuru, na kwa akili zao uhuru ulistahili ghorofa. Mkoloni alikuwa ametudhulumu katika nyumba ya chini yenye baraza pana. Mtu yeyote aliweza kuingia akadhulumiwa. Wakubwa wetu waliibomoa. Katika jengo jipya, chumba cha chini, ambacho mlango wake ungepitisha ng'ombe, kilihifadhi viti vya wageni wa heshima wa sikukuu ya Jamhuri. Viti vilikaa chini mwaka mzima vikingoja makalio ya wakubwa. Wananchi walipandishwa juu.

Baba yetu, Theuri, hakuzaa mwana wa kiume. Alipokuwa anakata roho aliuambia ukoo kwamba mimi, Watiri, nina kazi ya ualimu mbele yangu, na shamba ni la Warigia. Baba mdogo aliitikia. Kwenye mazishi alilia kuliko wote. Kabla nyasi hazijaota kaburini, alikuwa ameshapata mnunuzi. Kilichobaki ni idhini ya bodi, na bodi ilikuwa na kanuni moja: anayepinga afike mwenyewe mbele yake. Asiyefika, amekubali.

Kwa hiyo nilipanda mimi. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo cha ualimu, na sauti yangu ilikuwa na tabia ya kuishia kooni.

"Karani," nilimwambia Munyao, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, "dada yangu yuko chini. Hawezi hizi ngazi. Naomba nimsemee."

"Ni wewe unapinga?"

"Hapana. Ni yeye."

"Basi aje."

Mwenyekiti Gatimu alinitazama kwa ule upole ambao watu wanene huwawekea watu wembamba. "Mwalimu, wewe umesoma. Bodi itafuata mtu kwa uwanja? Ati tubebe meza, tukae na wauza kabichi? Bodi haishuki."

Wakacheka. Hakikuwa kicheko cha ubaya, na hilo ndilo lililoniudhi. Walicheka kama watu walioambiwa kwamba mvua imenyesha.

"Mzee, mimi nitamleta," baba mdogo akasema. "Huyo ni damu yangu. Nitambeba nimweke hapa mumwone vile ako. Halafu nyinyi wenyewe mseme kama huyo ni mtu wa kulima shamba."

Chuoni nilifundishwa kusimama mbele ya darasa la watoto. Hakuna aliyenifundisha kusimama mbele ya matumbo. Nilimfuata baba mdogo akishuka.

Aliinama mbele ya Warigia, akampa mgongo. "Panda, mama."

Kumwita mama haikuwa dhihaka. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na nduguze baba humwita hivyo maisha yake yote, maana kwao yeye ndiye mama yao aliyerudi. Kahiga alikuwa amemwita Warigia mama tangu siku aliyozaliwa. Alipokuja na sukari alisema mama yake asikose chai. Nyanya yetu, Warigia wa kwanza, alimzaa, na dada yangu, kwa hesabu ya ukoo, alimzaa pia.

Warigia aliutazama ule mgongo, koti limekazwa, vumbi la chokaa begani.

"Nikipanda na mgongo yako, nitaongea na mdomo yako," akasema. "Rudi juu."

"Umekataa mwenyewe! Watu wameona!" Akajipangusa magoti, akapanda akiwa na haraka ya mtu aliyesamehewa deni. Mlango ukafungwa tena.

Nilianza kulia. Warigia hakunitazama. Alichomoa mikongojo kwenye kokoto, akasogea hadi katikati ya uwanja, chini kabisa ya dirisha la bodi. Ilikuwa siku ya soko. Wanawake walikuwa wametua mizigo, kamba za kubebea bado zimening'inia vipajini. Dada yangu ndiye aliyeanzisha nyimbo kanisani kwetu, kanisa lisilo na kipaza sauti na lisilokihitaji.

"Kahiga wa Warigia!" akaita. "Mwanangu! Shuka!"

Soko zima likageuza shingo. Hakuna mwanamke pale aliyehitaji kuelezwa.

"Mama yako amekuja, Kahiga! Nilikubeba na mgongo hii, nikakulisha, sasa unauza mahali nalala? Shuka uniambie nilikukosea wapi!"

"Ii, mjibu mama!" akajibu kikongwe mmoja kutoka kwenye viazi.

"Shuka, mtoto!" wenzake wakaitikia.

"Amemaliza maziwa, sasa anauza ziwa alilonyonya!" akapaza mwingine, na uwanja ukapasuka kwa kicheko. Watu wakamiminika kutoka madukani na buchani. Juu, kichwa cha baba mdogo kilitokeza dirishani, kikapokewa kwa mbinja, kikarudi ndani haraka kuliko kilivyotoka.

"Simwoni!" Warigia akaendelea. "Ama nimezaa mtu wa kujificha chini ya meza ya watu?"

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Mwenyekiti Gatimu alitoka amevimba, akaanza kushuka. Ndipo nta ikamkumbuka. Alishuka kiupande, mkono mmoja ukipapasa ukuta usiokuwa na kitu cha kushika, kiatu kikitafuta ngazi kama kipofu. Wanabodi wakamfuata, hawakutaka kukosa tamasha, na Munyao nyuma yao na faili kwapani.

"Hii kelele ni ya nini? Hii ni ofisi ya serikali!"

"Habari ya asubuhi, mwenyekiti," Warigia akasema taratibu, kama waliokutana mlangoni mwa kanisa. "Mimi ni Warigia, binti ya Theuri. Napinga. Shamba ya baba yangu haiuzwi."

"Kikao kiko juu!"

"Juu na nani?" Huyo alikuwa mzee Wamae, mwanabodi mwenye gambuti, aliyekuwa bado anafuta machozi ya kicheko. "Gatimu, sisi wote tuko hapa. Huko juu amebaki Kahiga peke yake. Munyao, andika. Amefika, amepinga."

Munyao alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti aliutazama uwanja, wanawake kwa wanaume, wote wapiga kura. Karani akaegemeza faili ukutani, akaandika.

Mnunuzi aliondoka siku hiyo hiyo. Alisema hawezi kununua ugomvi wa mtu na mama yake. Baba mdogo alishuka soko lilipokwisha.

Majuma machache baadaye niliona mkokoteni ukishusha saruji, mchanga na mbao mbele ya jengo lile. Nilikimbia hadi nyumbani.

"Wanajenga njia ya kupandia!" nilimwambia Warigia. "Ya mteremko! Wameona aibu!"

"Hao?" akasema, akaendelea kumenya viazi.

Ijumaa tulikwenda pamoja kutazama. Fundi alikuwa amemaliza kazi. Nguzo mbili imara za zege zilisimama katikati ya uwanja, palepale aliposimama Warigia siku ile, chini kabisa ya dirisha, zimebeba ubao mpya wenye herufi kubwa nyeupe: KIMYA. BODI INAKUTANA. Ngazi zilikuwa zilezile, zinang'aa.

Nilitaka kumwomba radhi dada yangu, sijui kwa niaba ya nani. Yeye alikuwa amekwisha kuegemeza mikongojo kwenye nguzo moja na mgongo wake kwenye ya pili. Aliinua mikono yote miwili, akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga upya, polepole, chini ya maandishi ya serikali.